Maji Mabaya ya Yeriko na Tumbo la Mtoto Wetu

Masomo: 2 Wafalme 2:19-22, Kumbukumbu la Torati 23:12-14



Tunawasalimu ninyi nyote mnaosoma barua hii ya kanisa, mlio hapa Kamenge na kartie za jirani, Kinama na Buyenzi, na ninyi pia mlio kambini Musasa, Gasorwe, Bwagiriza, Kavumu na Musenyi, ambao barua hii huwafikia mikononi mwa ndugu wanaosafiri. Kama mngali hai na mnamwita Bwana, basi Mungu ametenda. Nasi tungali hai, tunamshukuru.

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya uvumilivu, msamaha na tumaini la kurudi nyumbani. Leo tutazungumza juu ya minyoo, konokono na choo. Huenda mzee mmoja atasema, “Hayo si maneno ya madhabahuni.” Tunamwomba mzee wetu atuvumilie mpaka mwisho, maana tumekuja na toba mkononi.

1. KOSA LETU

Mwezi wa pili mwaka 2025, makumi ya maelfu ya ndugu zetu walikimbia vita Kivu wakavuka mto Rusizi. Wengi walilala uwanjani Rugombo, mkoa wa Cibitoke, chini ya mvua. Familia moja kati yao ilikaa kwanza bondeni kwa ndugu wanaolima mpunga, kisha ikafika kwetu Kamenge. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja. Jina lake hatutalitaja. Alikulia kando ya ziwa Tanganyika upande wa Uvira, na kule bondeni aliendelea kuoga na kuvua samaki katika mifereji ya mpunga, kama watoto wote.

Hapa Kamenge tuliona tumbo lake linakuwa kubwa huku mikono inakonda. Alilalamika maumivu, alichoka upesi, na mama yake alipoangalia choo chake aliona damu. Mama akamleta kanisani. Tulifunga siku tatu, tukaomba usiku kucha, tukampaka mafuta. Katika hilo hatukukosa, maana Yakobo ametuagiza tuwaombee wagonjwa.

Kosa lilianza siku ya nne. Mtu mmoja akanong’ona, “Huyo mtoto amelishwa sumu.” Mwingine akauliza, “Kwani anakula kwa nani?” Ikakumbukwa kwamba jirani yetu, mama mmoja mzee Mrundi, humpa mtoto huyo uji kila asubuhi. Neno likatembea kutoka kwaya hadi kwa wamama, kutoka kwa wamama hadi kwa vijana. Waimbaji wetu wakaacha kumsalimu. Usiku mmoja mawe yakaanguka juu ya mabati yake. Sisi viongozi tulisikia, tukanyamaza. Wengine kati yetu mioyoni mwetu tuliamini.

Ndugu, mama yule ni mwenyeji wa Kamenge tangu zamani. Mwaka 1995, kartie hii ilipopigwa na watu wake kukimbia, yeye naye alibeba godoro kichwani. Anajua kukimbia ni nini. Ndiye aliyetupa kona ya kiwanja chake tuwekee benchi zetu wakati hatukuwa na mahali. Huyo ndiye tuliyemwita mchawi.

Muuguzi mmoja, dada mwamini, ndiye aliyetuokoa. Alituuliza swali moja tu: “Mmepeleka choo cha mtoto maabara?” Hatukuwa tumepeleka. Kilipopelekwa, wakaona mayai ya minyoo ya kichocho, na tena mayai ya minyoo ya kawaida ya tumboni. Ini lake lilikuwa limevimba kwa sababu ya kichocho. Alipewa vidonge, akavimeza siku ileile baada ya kula. Baada ya majuma kadhaa damu ikakoma. Tumbo linashuka polepole.

Tuliomba siku tatu tukimwuliza Mungu aonyeshe adui, na Mungu alimwonyesha kwa darubini ya maabara. Adui alikuwa ametoka majini, wala si kwenye sufuria ya uji.

2. WATU WA YERIKO WALISEMA KWELI

Someni tena 2 Wafalme mlango wa pili. Wazee wa Yeriko walimwendea Elisha wakamweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, lakini maji ni mabaya na nchi haizai. Tazameni kwamba hawakusema, “Jirani yetu ametuloga.” Hawakutafuta bibi kizee wa kumpiga mawe. Walitaja maji, na kwa kutaja ugonjwa kwa jina lake walikuwa wameshaanza kupona.

Mwaka 1971 daktari mmoja aitwaye E. V. Hulse aliandika kwamba huenda maji yale ya Yeriko yalikuwa na kichocho. Hiyo ni dhana yake, Biblia haisemi hivyo. Lakini kwamba ugonjwa huu ni wa kale hakuna ubishi. Mwaka 1910 mtaalamu Ruffer alipopima maiti za kale za Misri zilizokaushwa, zenye miaka elfu tatu hivi, alikuta mayai ya minyoo hii ndani ya figo. Misri ndiyo nchi ambamo baba zetu wa imani walikuwa watumwa. Mnyoo wenyewe uligunduliwa Kairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na ndiyo maana wengi huuita ugonjwa huu bilharzia.

Hapa kwetu pia unajulikana siku nyingi. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipima watu wa bonde la Rusizi, kule kwenye mifereji ya mpunga, wakaukuta umeenea. Kichocho cha Burundi ni kile cha matumbo, damu hutoka na choo kikubwa. Pwani ya Tanzania na Zanzibar kuna kile cha kibofu, ambacho damu hutoka na mkojo. Basi mtu asiseme, “Mtoto wangu hakojoi damu, hana kichocho.” Hapa kwetu hatutaiona kwenye mkojo. Na wengi hawaoni damu kabisa, huona uchovu tu, maumivu ya tumbo, na mtoto asiyeshika masomo.

3. MZUNGUKO WA MAUTI

Sikilizeni jinsi unavyoambukiza, maana watu wangu, asema Bwana kwa kinywa cha Hosea, huangamia kwa kukosa maarifa.

Mtu mwenye kichocho anajisaidia mtoni, au kandokando ya ziwa, au porini ambako mvua husukuma uchafu hadi majini. Mayai yakifika majini yanapasuka, na kitoto cha mnyoo kinaogelea kumtafuta konokono fulani mdogo wa majini. Kisipompata, kinakufa upesi. Kikimpata, kinaingia ndani yake na kuzaana, na baada ya majuma manne au matano konokono huyo mmoja anaanza kumwaga maelfu ya vidudu visivyoonekana kwa macho. Vidudu hivyo hutoka zaidi wakati wa jua, tangu asubuhi kupanda hadi mchana, saa zilezile watoto wanazokimbilia kuoga na wamama wanazofua. Vinatoboa ngozi kwa dakika chache. Wala si lazima unywe maji. Kukanyaga tu kunatosha.

Ndani ya mwili minyoo inakua, dume na jike wanashikana, wanakaa katika mishipa ya damu ya matumbo. Jike mmoja hutaga mayai mamia kwa siku. Mengine hutoka na choo na kurudi majini. Mengine hubaki mwilini, hukwama katika ini, na hayo ndiyo yanayovimbisha tumbo. Mnyoo unaweza kuishi miaka mingi ndani ya mtu, ndiyo maana aliyekimbia kutoka ziwani zamani anaweza kuwa nao hata leo hapa mjini.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wasiopungua milioni 251 waliohitaji dawa ya ugonjwa huu, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa Afrika.

Sasa angalieni vizuri. Konokono hazaliwi na kichocho, na mto hauzai kichocho. Sisi ndio tunaompa konokono, naye anaturudishia. Anayejisaidia majini leo anamwandikia mtoto wa jirani ugonjwa wa mwezi ujao. Kama ni kutafuta mchawi, tujitazame sisi wenyewe.

4. MUNGU HAONI AIBU KUZUNGUMZA CHOO NA WAKIMBIZI

Katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 23, Israeli wako kambini. Hawana nyumba wala mji, wanaishi katika mahema. Mungu anawapa agizo: wawe na mahali nje ya kambi pa kwendea, kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia pamoja na vyombo vyake, achimbe, kisha afunike. Na sababu anayoitoa ni kubwa, kwamba Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi.

Wapendwa, sisi tulio mahemani na katika vyumba vya kupanga, neno hili ni letu. Mara nyingi tunasema, “Hapa si kwetu, tunapita tu.” Kwa hiyo choo hatuchimbi, na kikijaa tunamngoja mwenye nyumba au shirika. Israeli nao walikuwa wanapita tu! Lakini Mungu hakuwaambia wangoje mpaka Kanaani ndipo wachimbe. Aliwaambia wachimbe palepale walipolala. Bwana anatembea Kamenge. Anatembea Musenyi. Miguu yake isikanyage uchafu wetu.

5. DAWA IPO, TUSIIKIMBIE

Dawa ya kichocho ni vidonge vya prazikwanteli. Hupimwa kulingana na uzito wa mtu. Shuleni wauguzi hutumia fimbo yenye alama, wakapima urefu wa mtoto na kujua vidonge vingapi. Dawa ya minyoo ya kawaida ni albendazoli. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Mtu asinunue dawa ya minyoo dukani akidhani ametibu kichocho.

Tangu mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Burundi ina mpango wa kitaifa wa kupambana na magonjwa haya, na vidonge hugawiwa mashuleni katika sehemu zenye ugonjwa. Kuna pia Juma la Afya ya Mama na Mtoto, ambapo watoto hupewa dawa ya minyoo. Wakija, watoto wetu wawepo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali ugonjwa ulipo dawa ya kichocho isiwe ya wanafunzi tu, bali wapewe pia wakubwa na watoto kuanzia miaka miwili, na hata wamama wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2024 shirika hilo lilikubali dawa mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo zaidi. Maombi ya wamama wengi yamejibiwa humo.

Tunajua kuna hofu. Vidonge hivi huweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo kwa saa chache, hasa kwa aliyemeza bila kula, na kwa yule mwenye minyoo mingi. Mwaka 2008 kule Morogoro, Tanzania, watoto walipewa dawa shuleni, wengine wakaumwa tumbo, uvumi ukaenea kwamba wanakufa, wazazi wakavamia mashule kwa hasira. Uvumi uleule uliopiga mawe juu ya mabati ya jirani yetu! Mzazi mwenye busara humlisha mtoto kabla ya kumpeleka, humweleza atakachosikia, na humwuliza muuguzi maswali yake yote bila kuona haya.

Tena tujue mpaka wa dawa. Prazikwanteli huua minyoo mikubwa, lakini ile michanga iliyoingia juzi inaweza kupona. Wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto akimeza leo na kurudi kwenye mfereji kesho, tutakuwa tunachota maji kwa kikapu.

6. CHUMVI ILITUPWA KWENYE CHEMCHEMI

Elisha aliomba chombo kipya chenye chumvi. Kisha alikwenda wapi? Hakuzunguka nyumba kwa nyumba akitia chumvi kidogo katika kila mtungi. Alikwenda hadi maji yanapotokea, akaitupa pale, akasema kwamba Bwana ameyaponya. Mtu asiende kumwaga kilo ya chumvi kisimani akisema ametimiza neno. Ile ilikuwa ishara. Bali tujifunze njia ya nabii, kwamba dawa humfikia mgonjwa, na choo na maji safi huifikia chemchemi. Tunahitaji vyote viwili.

Mtu asiseme haiwezekani. Fikirini mnyoo wa Guinea, ule mrefu unaotokea mguuni kama uzi. Huo huingia kwa kunywa maji ya madimbwi, nao mpaka leo hauna dawa wala chanjo. Mwaka 1986 watu wapatao milioni 3.5 waliugua. Mwaka 2024 walihesabiwa watu 15 tu duniani kote. Uganda ilithibitishwa kuwa huru mwaka 2009, Kenya mwaka 2018, na Kongo yetu mwaka 2022, Kongo hiyohiyo yenye vita. Walishindaje bila dawa? Watu wa vijijini, wengi wao maskini kuliko sisi, walichuja maji ya kunywa kwa kitambaa, na mwenye kidonda alikatazwa kuingia dimbwini. Kitambaa na utii vilishinda ugonjwa wa mamilioni. Basi sisi tunaopewa na dawa juu yake tutasema nini mbele za Mungu?

7. MAMBO YA KUFANYA

Tumekaa na mashemasi, na yule dada muuguzi, tukakubaliana haya:

Kwanza, choo. Kila nyumba itumie choo, hata mtoto mdogo, na kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Vijana wa kanisa watachimba kwa wajane na wazee wasio na nguvu. Anayekwenda shambani abebe jembe, achimbe mbali na maji, afukie.

Pili, maji ya kuoga na kufua. Mwenye robine atumie robine. Asiye nayo, akichota mtoni au ziwani, ayaache katika bidoni safi iliyofunikwa siku mbili kamili kabla ya kuogea, maana vile vidudu haviishi muda huo bila kumpata mtu. Au ayachemshe. Ya kunywa yachemshwe daima au yatiwe dawa ya klorini, kwa sababu kuna kipindupindu na magonjwa mengine ambayo kuyaweka tu hakuyaondoi.

Tatu, watoto. Tuwaeleze, tusiwapige tu. Wasioge kwenye maji yaliyotulia yenye majani, mifereji na pembe za ziwa, ambako konokono hukaa. Vijana watatafuta uwanja wa mpira, ili mtoto tunayemkataza ziwa awe na mahali pa kwenda. Wanaolima mpunga wavae buti wakiweza.

Nne, viatu na mikono. Safura, mnyoo unaokula damu, hupitia nyayo zilizo wazi kwenye udongo mchafu. Minyoo mingine hupitia mikono na mboga zisizooshwa. Sabuni baada ya choo, sabuni kabla ya chakula.

Tano, ubatizo. Tumezoea kubatiza mahali maji yametulia. Kuanzia sasa tutabatiza katika birika la maji ya robine. Neema haipungui.

Sita, kipimo. Mwenye tumbo linalovimba, damu chooni au uchovu usioisha aje kwa maombi na aende maabara, vyote viwili, siku ileile. Mashemasi wana sanduku dogo kwa ajili ya asiyeweza kulipa kipimo. Tunawaomba mwenye faranga mia atie mia.

Saba, ulimi. Mtu yeyote atakayetaja jirani kuwa mchawi au mtoa sumu kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto, ataitwa mbele ya wazee. Nasi wazee tukinyamaza tena, mtuite sisi.

8. UJI WA JIRANI

Jumapili moja baada ya ibada tulikwenda kwa yule mama, wazee wote wa kanisa, na kwaya nyuma yetu. Tulipiga magoti nje ya mlango wake. Mchungaji alisema kwa Kirundi kibovu kwamba tulimkosea yeye na tulimkosea Mungu. Mama alitutazama kwa muda mrefu. Tulifikiri atatufukuza, na angekuwa na haki. Kisha akasema, “Mtoto aje. Uji wake upo.”

Hakusema zaidi. Asubuhi iliyofuata mtoto alikwenda. Vijana wetu walitengeneza yale mabati, na juma lililofuata wakachimba choo kipya kiwanjani kwake, kitumike na nyumba nne, za Warundi na za Wakongomani.

Wapendwa, Bwana alisema sisi ni chumvi ya dunia. Tangu siku ile tunalisoma neno hilo pamoja na chumvi ya Elisha. Chumvi iliyobaki chomboni haikuponya maji ya Yeriko. Ilipaswa kutoka, kutupwa ndani ya maji mabaya na kuyeyuka humo. Mungu alitutupa Kamenge. Hatukuchagua. Tusikae chomboni tukisikitika. Tufike kwenye chemchemi.

Tuombe: Baba, utusamehe kwa ulimi wetu na kwa ukimya wetu. Uwaponye watoto wenye matumbo yaliyovimba, hapa, bondeni na makambini. Utupe maji safi, na nguvu ya kuchimba. Uwabariki wenyeji waliotupokea. Na siku utakayoturudisha kwetu, utukute tumeacha nyuma yetu nchi iliyo safi kuliko tulivyoikuta. Kwa jina la Yesu, Amina.

Ni sisi watumishi wenzenu katika Kristo, Kamenge, Bujumbura.